Viatu vya Kwenda Homa Bay

Marcella Bitutu ana miguu mikubwa, na hilo si siri sokoni Migori. Wanawake wenzake wanaouza ndizi mbivu na avokado humtania kwamba akipita kwenye matope asubuhi, anayekuja nyuma hudhani ni mwanaume aliyetangulia. Yeye hucheka nao. Siku ya harusi yake viatu vyeupe vya saizi yake vilitafutwa hadi Kisii mjini vikakosekana, akaingia kanisani na viatu vya kahawia alivyoshonewa na bwana arusi mwenyewe. Bwana arusi huyo ni Stanley Ongeri, fundi wa viatu, mtu mwembamba ambaye miguu yake ni midogo kwa mwanaume. Saizi yao ni moja. Jamaa zao wangali wanasema Mungu aliwaoanisha wawili hao kwa kuwapima nyayo, mambo mengine akawaachia wenyewe.

Na mambo mengine hayakuwa madogo. Walipooana wote walikuwa Wakatoliki. Baadaye mahubiri ya hema yalikuja mjini, Ongeri akaenda jioni ya kwanza kwa sababu ya nyimbo, jioni ya pili kwa sababu ya mahubiri, na mwishowe akazamishwa majini, akatoka Msabato. Leo ni shemasi. Yeye ndiye husimama mlangoni Jumamosi asubuhi kuwapokea waumini na kuwaonyesha viti. Marcella alibaki alipokuwa. Waligombana, tena si kidogo, mpaka wakachoka na kukubaliana mambo mawili: Ijumaa jua likishazama, katika nyumba ile hakuna sindano itakayoshikwa, wala pasi, wala jembe, na Jumapili asubuhi hakuna kazi itakayozuliwa ya kumzuia mama kwenda Misa. Hawakuyaandika popote na hakuna aliyewahi kuyavunja. Kuna watu wametundika vyeti vya ndoa ukutani na hawajaweza nusu ya hayo.

Sasa, hija. Kila mwaka mwishoni mwa Mei, Wakatoliki wa parokia ya Marcella huenda kwa miguu kutoka Migori hadi kituo cha Mama Maria kilicho mlimani nje ya Homa Bay. Hupitia Awendo, Rongo na Rodi Kopany, wakilala njiani kwenye madarasa na makanisa. Mei ni mwezi wa mvua. Mtu mwenye akili zake angechagua Januari, lakini sikukuu yenyewe ni ya Maria kumtembelea Elizabeti, na Maria hakungoja kiangazi. Marcella alikuwa akiwasikia wanaorudi wakisimulia malengelenge na matope, anawapa pole, anaendelea kuuza ndizi. Hakuwahi kutamani kwenda.

Hayo yalibadilika mwaka ule Ongeri alipopeleka akala zake za tairi Rodi Kopany siku ya soko. Alikuwa ameketi nyuma ya bidhaa yake tumbo likamshika. Alidhani ni njaa, akanunua chai. Kabla ya kumaliza kikombe alikuwa amelala juu ya akala, na watu wa soko wakamkimbiza Homa Bay. Simu ilimkuta Marcella nyumbani akiosha vyombo, mvua inanyesha, akatoka mbio akiingiza miguu katika viatu vya kwanza alivyovikuta mlangoni. Alipofika hospitalini ndipo alipotazama chini, akaona amevaa viatu vya mumewe vya Sabato. Ni vile vyeusi vya ngozi vyenye soli ya tairi, ambavyo Ongeri alijishonea kwa mkono wake na ambavyo haviendi popote isipokuwa kanisani. Alikuwa ameviacha mlangoni vipate hewa.

Utumbo wa Ongeri ulikuwa umejisokota. Daktari alieleza mara moja tu, kwa haraka, akaingia kufanya upasuaji. Marcella alisimama nje ya mlango ndani ya viatu hivyo, nguo zikimchuruzika maji, na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kutoa, akaahidi miguu yake. Mama Maria, huyu mtu akirudi nyumbani akiwa hai, nitakuja kwako kutoka Migori kwa miguu, njia yote, bila kupanda gari. Alisema kwa sauti, hata muuguzi akageuka kumtazama.

Ongeri alirudi nyumbani akiwa hai.

Mei iliyofuata Ongeri hakuweza kuachwa peke yake. Mei nyingine, binti yao Dorah alijifungua huko Sori, na Marcella akaenda kumhudumia. Sababu zote mbili zilikuwa nzuri, na hazikumtuliza hata kidogo. Kila Ongeri alipoweka mkono tumboni, hata kama ni maharagwe tu, moyo wa Marcella uliruka. Aliona kwamba amempokea mume kwa ahadi ambayo hajaitimiza, na aliogopa, aliogopa kabisa, kwamba siku moja ataulizwa.

Ongeri hakuliona jambo hilo hivyo. "Mama Dorah," alimwambia, "Mungu aliniponya bure. Hakuna mahali alisema utembee."

"Utajuaje alisema nini? Wewe ulikuwa umelala tumbo wazi. Mimi ndio nilikuwa naongea."

"Na Maria hakuwa daktari wa zamu."

"Baba Dorah, wewe shona viatu."

Mwaka huu alitangaza kwamba anakwenda, liwalo na liwe. Ongeri alinyamaza, na katika nyumba ile kunyamaza kwa Ongeri huhesabiwa kuwa ruhusa.

Kiongozi wa msafara ni katekista Boaz Magige, Mkuria kutoka upande wa mpakani, mrefu na mkali, ambaye haamini kwamba sala peke yake inaweza kumfikisha mtu Rongo. Tangu Pasaka ilipopita aliwakusanya mahujaji kila Jumapili baada ya Misa, akawatembeza barabara ya Uriri na kuwarudisha, mvua inyeshe isinyeshe. Siku ya kwanza aliwapanga mbele ya kanisa na kusema mambo yake bila kuzunguka.

"Kuna pikapu itabeba masufuria na wagonjwa. Sitaki mtu aniambie anajitoa sadaka. Nikiona unachechemea, unapanda. Na asubuhi ya kutoka nitaangalia viatu, mmoja mmoja. Viatu mbaya, pikapu. Tumeelewana?"

Waliitikia kwamba wameelewana. Kwa wengine pikapu ile ilikuwa msaada, na kuna waliokwisha kuchagua pa kukaa. Kwa Marcella ilikuwa ndiyo hatari yenyewe. Akipanda, hata kwa mwendo wa kutoka daraja moja hadi jingine, ahadi imevunjika na itabidi aanze upya, na miguu yake, pamoja na ukubwa wake, haizidi kuwa mipya.

Basi alijiandaa kwa bidii. Alijifunza kwamba leso iliyolowa hujibandika mapajani na kuchubua ngozi, kwa hiyo ndani ya sketi akavaa suruali ya michezo ambayo Dorah aliiacha tangu shule. Ongeri alipomwona nayo mara ya kwanza alimtazama kutoka kisigino hadi kiunoni, akauliza, "Sasa ni wewe utafundisha mpira?" Alijifunza kupaka mafuta ya mgando katikati ya vidole kabla ya kuvaa soksi, na kujaza viatu vilivyolowa karatasi za gazeti badala ya kuviweka karibu na jiko, maana moto hukausha ngozi ya kiatu mpaka ikapasuka. Alijua pia kuisoma mvua, lakini hilo hakufundishwa na mtu. Mvua ya huku ina ratiba yake. Asubuhi anga ni safi kana kwamba hakuna lililopangwa, jua huchoma, halafu baada ya chakula cha mchana wingu hujikusanya upande wa ziwani na kuja na upepo wake. Hujaji mwerevu hutoka alfajiri, na wingu likianza kuvimba anatafuta bati la kujisitiri.

Mwavuli ulikataliwa. Magige alisema upepo wa Awendo utaugeuza kuwa bakuli. Wenye uwezo walileta makoti ya mvua, na wengine, akiwemo Marcella, walichukua ile nailoni inayokaa ndani ya gunia la mbolea, wakaitoboa shimo la kichwa na mawili ya mikono. Ni vazi zuri sana, maji hayapiti kabisa, ila lazima uioshe kwa sabuni na kuianika, uioshe tena. Marcella aliosha. Rafiki yake Metrine, muuza dagaa wa omena aliyezaliwa Bungoma na kuolewa Migori, hakuosha, kwa sababu aliamini mvua itaosha. Mvua iliosha kweli. Chembechembe za mbolea ziliyeyuka zikamteremkia shingoni na mgongoni, na njia yote ya kurudi kutoka Uriri Metrine alikuwa akijikuna kama kuku aliyeingiwa na viroboto.

"Usijali," Marcella alimwambia, "kesho utakuwa umeota majani."

Jambo moja tu alikataa kubadili. Magige alitaka mizigo yote ikae mgongoni, kwenye mikoba ya shule. Marcella alijaribu Jumapili moja, mabega yakamuuma, Jumapili iliyofuata akaja na furushi lake kichwani, juu ya kata ya majani ya ndizi.

"Mama Marcella, nilisema mgongo," Magige alinguruma.

"Mgongo ulibeba Dorah, umestaafu. Kichwa bado kiko kazini."

Magige alimwacha. Walipokaribia Uriri, mama mmoja Mjaluo aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara aliwaona wakipita kwenye mvua na nailoni zao, akasimama na kipepeo cha makaa mkononi. "Yawa! Mama, kwani magari yameisha Migori?"

"Yako! Tunaachia nyinyi!" Marcella alimjibu, na wote wakacheka mpaka Magige akawakumbusha rozari.

Jumapili hiyohiyo raba zake za zamani zilikata roho. Ya kushoto iliachia soli yote kwenye matope, na Marcella akarudi Migori mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Jumatatu aliingia kwenye marundo ya mitumba, akachakura hadi akapata alichokitaka: buti za kahawia za kupandia milima, za mwanaume, imara, zenye meno chini. Ziliingia mguuni bila kubana. Kasoro ilikuwa moja. Soli zilikuwa zimeanza kubanduka pande zote mbili, na gundi haingetosha. Zilihitaji kushonwa kuzunguka, kazi ya fundi.

Fundi alikuwa nyumbani kwake. Marcella aliziweka juu ya sanduku la kazi la Ongeri na kusema, "Ni za hija."

"Nimeona," Ongeri alisema.

Kibanda cha Ongeri kiko kando ya barabara kuu, mabati manne na benchi moja. Jumanne Marcella alipita, buti ziko chini ya benchi. Jumatano ziko chini ya benchi, zimefunikwa na kipande cha gunia. Alhamisi hakuziona kabisa, na alipouliza aliambiwa, "Ziko. Usiwe na wasiwasi." Lakini wasiwasi haungoji kukaribishwa, na usiku huo alilala vibaya. Mahujaji walikuwa wanaondoka Jumamosi. Angeweza kuzipeleka kwa fundi mwingine, kweli. Lakini mke wa fundi wa viatu kupeleka viatu vyake kwa fundi mwingine wa mji uleule ni kutangaza vita, na yeye hakutaka vita. Alitaka buti.

Ijumaa ndiyo siku ya Ongeri yenye kazi nyingi kuliko zote, kwa sababu Wasabato wote wa mtaa huo wanataka viatu vya kesho, na wote hukumbuka saa ileile. Yeye mwenyewe alfajiri ya Ijumaa, kabla hajashika kiatu cha mtu, hupaka rangi viatu vyake vya Sabato na kuviweka pembeni. Nyumbani Marcella naye alikuwa na maandalio yake. Alichemsha viazi vitamu, akakaanga njugu, akafunga chumvi na kiberiti ndani ya nailoni, akakunja soksi mbili mbili. Kila kitu kilikuwa tayari ndani ya furushi isipokuwa vya miguuni. Mchana mvua ikaanza. Haikufuata ratiba, ilikuja mapema na haikukatika, na mji ukawa mweusi kama jioni wakati bado ni mchana.

Ongeri aliingia amelowa chapachapa. Sanduku la kazi alilibeba kichwani, buti alizishika mkononi. Aliziweka mezani.

Marcella alizigeuza. Ya kulia ilikuwa imeshonwa kuzunguka yote, uzi mweusi mnene, mishono iliyolingana kama meno ya mtoto aliyetunzwa, kazi ambayo ingefika Homa Bay na kurudi. Ya kushoto ilikuwa na gundi tu. Aliibonyeza kwa kidole gumba ikafunguka mdomo.

"Baba Dorah. Hii je?"

Ongeri alitazama dirishani. Hakukuwa na jua la kuonekana likizama, wingu lilikuwa limeziba kila kitu, lakini saa ilikuwa imepita na wote wawili walijua. "Mvua iliniibia mwanga. Nilidhani nina muda. Nilipoangalia simu, jua lilikuwa limeenda."

"Tangu Jumatatu zilikuwa hapo."

"Zilikuwa."

"Ulizificha."

Hakukana. Alivua koti, akalitundika, akakaa, na Marcella aliona jinsi mabega yake yalivyokuwa membamba tangu ule ugonjwa. "Mzee Mogire wa kanisani alipita Jumanne," alisema. "Akaona buti kubwa, akauliza ni za nani. Nikasema ni za mama, za hija. Akacheka. Akasema, shemasi wetu siku hizi anashonea watu viatu vya kwenda kwa Maria. Watu walikuwa kwa benchi, wakacheka pia. Nikaziweka chini. Kila nikisema nizitoe, mtu anakuja. Leo nikasema nitazitoa hata wakicheka, na hiyo ya kulia nimeshona wakiwa hapo. Nimechelewa. Pole, Mama Dorah."

Marcella alikasirika. Maneno yalimjaa mdomoni, na mengi yalikuwa ya haki. Sanduku la kazi lilikuwa pale pale sakafuni, sindano ndefu ya ndoano juu kabisa, uzi mweusi pembeni yake. Saa moja ya kazi, pengine isifike. Kama angemwambia shona, hakujua Ongeri angefanya nini, na hilo ndilo lililomziba mdomo. Akishona, Ongeri atakuwa amevunja cha kwake ili mkewe atimize cha kwake, na Marcella atamwendea Mama Maria akiwa amemvua mumewe kitu. Asiposhona, watalala wakiwa wameulizana swali ambalo hawajawahi kuulizana. Angeweza kushika sindano mwenyewe, lakini makubaliano hayakusema sindano ya nani. Yalisema sindano.

Alilifunika sanduku. Kisha akapakua chakula.

"Gundi itashika," alisema.

"Haitashika," Ongeri alisema, kwa sababu katika mambo ya viatu hajui kusema uongo.

Walikula. Ongeri aliomba sala ya kufungua Sabato, Marcella akajibu amina yake kama kawaida, na mvua ikaendelea juu ya mabati.

Alfajiri Marcella alioga, akavaa suruali ya Dorah na sketi yake, akafunga kitambaa cha bluu cha akina mama wa kanisa. Alikuwa ameshaamua. Angevaa buti zile, angekanyaga kwa upole mbele ya Magige, na soli ikifunguka barabarani angeifunga kwa kamba. Kamba ikikatika angetembea peku. Hakuwa amewahi kutembea peku hata hadi Awendo tangu utotoni, na aliogopa, lakini pikapu aliiogopa zaidi. Alikwenda mlangoni.

Buti hazikuwepo. Mahali pake palikuwa na viatu vyeusi vya ngozi vyenye soli ya tairi, vinang'aa.

Ongeri alikuwa ameketi kitandani, amevaa shati jeupe la kanisani na tai, miguu haina kitu. "Hivyo nilipaka rangi jana asubuhi," alisema haraka, kama mtu aliyejiandaa kwa swali. "Kabla ya jua kuzama. Hakuna kazi imefanyika hapa. Nimeviweka tu mlangoni."

"Baba Dorah, hivi ni vya Sabato."

"Na leo ni Sabato. Vaa."

"Na wewe?"

"Nina gambuti."

"Shemasi atasimama mlangoni na gambuti?"

"Mvua inanyesha," Ongeri alisema. "Gambuti ni za mvua."

Marcella alisimama hapo na furushi lake. Aliketi kwenye kigoda, akavaa soksi mbili mbili, akaingiza mguu wa kulia, halafu wa kushoto. Ngozi ilikuwa laini, imezoea mguu wa saizi ileile. Alilia kidogo, bila kuficha, huku akifunga kamba.

Ongeri aliangalia mafundo. "Vilishaenda Homa Bay na wewe," alisema. "Vinajua njia."

Baada ya Misa ya kuwaaga, Magige alipita mbele ya mahujaji akiwa ameinama, anakagua. Wawili aliwaelekeza kwenye pikapu, mmoja kwa sababu ya ndara, mwingine kwa sababu ya viatu vya kisigino ambavyo hakuna aliyejua vilifikaje pale. Metrine alipita ukaguzi, alikuwa na raba mpya, na nailoni iliyooshwa mpaka ikafifia maandishi. Alipofika kwa Marcella, Magige alichuchumaa kabisa. Aligonga soli ya tairi kwa kifundo cha kidole. Akavuta mshono. Akasimama.

"Hivi ni vya mwanaume."

"Ndiyo."

"Vizuri," Magige alisema, akaenda kwa mwingine.

Msafara ukatoka. Mbele msalaba, nyuma pikapu, katikati mstari wa nailoni za mbolea ziking'aa kwenye manyunyu. Barabara ya kuelekea Awendo hupita mbele ya kanisa la Wasabato, na Marcella alijua hivyo tangu mwanzo, lakini hakuwa ameliwaza. Sasa aliliwaza. Wimbo ulikuwa ukitoka ndani, sauti nne kama wanavyopenda, na juu ya ngazi mlangoni alisimama Ongeri na suti yake ya kijivu, tai, Biblia kwapani, na gambuti za kijani zilizofika karibu na magoti, suruali imechomekwa ndani. Hata kwa mtu anayempenda lilikuwa jambo la kuchekesha.

Mzee Mogire ndiyo kwanza alikuwa anafika. Alikunja mwavuli, akampa shemasi mkono, na macho yake yakateremka polepole hadi chini. Yakabaki huko. Waumini waliokuwa nyuma yake nao wakatazama.

"Shemasi," Mogire alisema, "viatu viko wapi?"

Mahujaji walikuwa wameshika rozari, lakini wa mbele walinyamaza, na Metrine akamkanyaga Marcella kisigino kwa kugeuza kichwa. Ongeri angeweza kusema vimelowa. Angeweza kusema vinashonwa, na ni nani angebisha, yeye ni fundi. Alitazama barabarani, akamtafuta mkewe chini ya furushi, na alipomwona hakutazama uso wake kwanza, alitazama miguu, kama afanyavyo na kila mtu. Kisha akajibu kwa sauti ile anayotumia kutangaza matangazo ya kanisa, iliyofika hadi ng'ambo ya barabara.

"Vimeenda Homa Bay, mzee. Vimeenda na mke wangu."

Akamwonyesha Mogire kiti chake. Marcella aliweka sawa furushi kichwani, akavuka madimbwi mbele ya kanisa, na hakuchechemea.